Fedha za Shule, kutoka Hazina hadi Ubaoni

Mwaka 1996 watafiti walizunguka shule 250 za msingi za serikali katika wilaya 18 za Uganda wakiwa na swali la kihasibu: katika kila shilingi 100 ambazo serikali kuu ilisema imezitoa kama ruzuku ya wanafunzi, ngapi zilifika shuleni? Jibu lilikuwa shilingi 13 kwa wastani, katika kipindi cha 1991 hadi 1995. Wastani huo wenyewe ulificha hali mbaya zaidi, kwa sababu shule nyingi hazikupata chochote. Fedha zilikuwa zimepitishwa na Bunge, zimetolewa na Hazina na kuandikwa vitabuni kuwa zimetumika kwa elimu ya msingi.

Kisa hiki kimesimuliwa sana katika mikutano ya wafadhili, na mara nyingi husimuliwa kwa haraka mno. Kinasemwa hivi: serikali ilitangaza ruzuku magazetini, wizi ukakoma. Sehemu ya maelezo hayo ni kweli. Lakini anayetaka kujua ni kwa nini kutangaza ruzuku za serikali hufanya kazi mahali fulani na kushindwa mahali pengine, hana budi kurudi kwenye kisa chenyewe na kukitazama kwa utulivu. Nakirudia hapa kwa sababu fedha zinazozungumzwa ni za chaki, madaftari na mitihani ya watoto, na kwa sababu Tanzania na Kenya zina ruzuku za aina hiyo hiyo.

Shaka ilianzia kwenye takwimu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 bajeti ya elimu ya Uganda ilikuwa ikipanda, lakini takwimu rasmi za uandikishaji wa wanafunzi zilikuwa hazisogei. Emmanuel Ablo na Ritva Reinikka wa Benki ya Dunia, na baadaye Jakob Svensson wa Chuo Kikuu cha Stockholm, walitaka kujua kama bajeti iliyosomwa Kampala ilikuwa na uhusiano wowote na kilichotokea darasani. Njia waliyotumia ndiyo ambayo Tanzania wengi huijua kwa kifupi cha PETS, yaani ufuatiliaji wa matumizi ya fedha za umma. Kanuni yake ni nyepesi: unachukua kumbukumbu za aliyetuma na za aliyepokea, unaziweka kando kwa kando, unapima tofauti. Ugumu upo katika kuzipata kumbukumbu hizo shuleni, moja baada ya nyingine, zikiwa katika madaftari ya walimu wakuu.

Walichokikuta kilikuwa na sura mbili. Kumbukumbu za shule zilionyesha kwamba wanafunzi walikuwa wameongezeka sana, kwa takriban asilimia 60, ongezeko ambalo takwimu za wizara hazikuliona. Wazazi ndio walioubeba mzigo wa kuendesha shule hizo kwa michango yao. Ruzuku ya serikali, ambayo tangu 1991 ilipangwa kuwa shilingi 2,500 za Uganda kwa mwanafunzi wa darasa la kwanza hadi la tatu na shilingi 4,000 kwa wa darasa la nne hadi la saba, ilikuwa inaishia makao makuu ya wilaya. Huko ilitumika kwa mambo mengine ya uendeshaji na ya kisiasa. Shule zilizopata sehemu kubwa kidogo zilikuwa zile za wazazi wenye uwezo zaidi, wenye ujasiri na muda wa kwenda wilayani kudai. Kwa hiyo ruzuku iliyokusudiwa kuwasawazisha watoto iliwaongezea waliokuwa nacho.

Kuna jambo moja katika matokeo hayo ambalo halitajwi vya kutosha. Mishahara ya walimu haikupotea kwa kiwango kama hicho, ingawa ilipita katika wilaya zile zile, mikononi mwa maofisa wale wale. Tofauti ni kwamba mwalimu anajua mshahara wake ni kiasi gani na anajua unaingia lini. Ukipungua, anajua siku hiyo hiyo, na anajua pa kwenda. Ruzuku ya wanafunzi haikuwa na mtu wa aina hiyo. Mwalimu mkuu alisikia tu kwamba kuna fedha za serikali. Mzazi hakusikia hata hilo. Fedha isiyojulikana kiasi chake wala tarehe yake haiwezi kudaiwa na yeyote, na ofisa wa wilaya aliyeielekeza kwingine hakuwa na haja hata ya kuficha.

Matokeo yalipotoka, serikali ya Uganda ilianza kutangaza. Kuanzia 1997, gazeti la New Vision na magazeti dada yake ya lugha za wenyeji yalichapisha kiasi cha ruzuku kilichopelekwa kila wilaya, mwezi kwa mwezi. Baadaye agizo likatolewa kwamba makao makuu ya wilaya na shule zenyewe zibandike mahali pa wazi taarifa ya fedha zilizopokelewa. Utafiti uliporudiwa kwa hesabu za mwaka 2001, shule zilikuwa zinapata zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku yao. Reinikka na Svensson walikwenda mbali zaidi, wakalinganisha shule zilizo karibu na mahali pa kuuzia magazeti na zile zilizo mbali. Walimu wakuu wa shule zilizo karibu walijua zaidi kanuni ya ruzuku na tarehe za kutolewa kwake, na shule zao zilipata sehemu kubwa zaidi ya haki yao. Kabla ya kampeni, ukaribu huo haukuwa na faida yoyote.

Hapo ndipo wasimulizi wengi huishia. Mwaka 2007 mtafiti Paul Hubbard alikisoma kisa hicho upya akakumbusha mambo yaliyotokea wakati huo huo. Mwaka 1997 Uganda ilianzisha elimu ya msingi kwa wote, ada zikaondolewa, na ruzuku ikaongezwa sana. Utaratibu wa kupeleka fedha wilayani ukabadilishwa, masharti ya matumizi yakawekwa, wafadhili na wizara wakaanza kufuatilia kwa karibu. Kwa hesabu yake, asilimia ya fedha zilizopotea ilishuka kwa kishindo, lakini thamani halisi ya kilichopotea ilishuka kwa takriban asilimia 12 tu, kwa kuwa chungu chenyewe kilikuwa kimekua.

Pingamizi la Hubbard ni la haki na linapaswa kukubaliwa. Magazeti hayakufanya kazi peke yake. Hata hivyo haliondoi ushahidi wa umbali kutoka mahali pa kuuzia gazeti, ambao unaonyesha kwamba katika nchi moja, chini ya mageuzi yale yale, waliojua zaidi walipata zaidi. Ninavyosoma mimi, kutangaza ni kiungo kimoja katika mfumo wenye viungo vingine, na kinapowekwa mahali pake kina nguvu kubwa kuliko gharama yake. Linalobaki ni kueleza mahali pake ni wapi.

Tuanze na umbo la tangazo. Ruzuku ya wanafunzi ina sifa adimu: inatolewa kwa kanuni. Kuna kiwango kwa kila mwanafunzi, kuna idadi ya wanafunzi, na mtu yeyote aliyefika darasa la tano anaweza kuzidisha. Kwa hiyo tangazo lililokamilika linahitaji namba tatu kwa pamoja, yaani kiwango, idadi ya wanafunzi iliyotumika, na fedha iliyoingia kwenye akaunti, pamoja na tarehe. Namba ya tatu ikitangazwa peke yake, msomaji anajua kilichofika lakini hajui kilichopaswa kufika, hivyo hawezi kusema kama kuna upungufu. Na idadi ya wanafunzi isipotajwa, mlango unafunguliwa kwa tatizo la upande wa pili, wanafunzi hewa, ambapo shule inaandikisha majina zaidi ya watoto waliopo. Jamii inayoizunguka shule inajua madarasa yamejaa kiasi gani. Ikiwekewa mbele yake namba iliyopelekwa wizarani, italiona jambo ambalo mkaguzi kutoka mbali angehitaji safari ya siku nzima kuligundua.

Halafu kuna ngazi. Wizara inaweza kutangaza kwamba imetoa mabilioni kwa shule zote nchini, na tangazo hilo likawa kweli kabisa, na lisimsaidie mzazi hata mmoja. Mzazi ana mtoto katika shule moja. Namba anayoweza kuihoji ni ya shule hiyo. Matangazo ya Uganda yalianza katika ngazi ya wilaya, na hapo yaliwasaidia walimu wakuu, waliokuwa na uwezo wa kwenda wilayani na gazeti mkononi. Ubao wa shule ndio uliolifikisha jambo kwa wazazi. Kila ngazi ya tangazo inampa nguvu msomaji wa ngazi hiyo, na ngazi ikirukwa, msomaji wake anabaki gizani.

Tanzania inalionyesha jambo hili vizuri. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza kutekelezwa mwaka 2002 baada ya ada za shule za msingi kufutwa, uliweka ruzuku ya uendeshaji ya dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Wakati huo dola moja ilikuwa chini kidogo ya shilingi 1,000, hivyo kiwango kikazoeleka kama shilingi 10,000. Fedha zilitoka Hazina, zikapita katika halmashauri za wilaya, ndipo zikaenda shuleni. Tafiti za ufuatiliaji zilizofanywa katika miaka iliyofuata zilikuta kwamba kilichofika kilikuwa chini ya kiwango hicho, tena kilifika kwa nyakati zisizotabirika. Mwalimu mkuu hakuweza kujua kama upungufu umesababishwa na Hazina kutoa pungufu, na halmashauri kushikilia, au na fedha kugawanywa kwa shule bila kufuata idadi ya wanafunzi. Sababu hizo tatu zina tiba tatu tofauti. Bila taarifa ya kila hatua, lawama huangukia yule aliye karibu zaidi, ambaye mara nyingi ni mwalimu mkuu mwenyewe.

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, mambo mawili yalibadilika. Serikali ilianza kupeleka fedha moja kwa moja kwenye akaunti za shule kila mwezi, bila kupitia halmashauri. Na waraka wa elimu wa mwaka huo ukaeleza mgawanyo: katika shilingi 10,000 za mwanafunzi wa shule ya msingi, 6,000 zipelekwe shuleni na 4,000 zibaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Kufupisha njia ni dawa nzuri kuliko kuitangaza njia ndefu, na uamuzi huo unastahili sifa. Ofisa ambaye fedha haipiti mikononi mwake hahitaji kuchungwa.

Tuchukue shule yenye wanafunzi 800. Kwa mgawanyo huo inapaswa kupata shilingi 4,800,000 kwa mwaka, yaani 400,000 kwa mwezi. Namba hiyo, 400,000, inatosha kuandikwa kwa chaki. Mjumbe wa kamati ya shule akiijua, kila mwisho wa mwezi anaweza kuuliza swali lenye jibu la ndiyo au hapana. Asipoijua, atapokea taarifa ya mapato na matumizi kwenye mkutano, atasikia namba nyingi, na atapiga makofi.

Tangazo la wazi lingemwonyesha pia jambo ambalo si la wizi kabisa. Kiwango cha shilingi 10,000 kilipowekwa kilikuwa na thamani ya dola 10. Mwaka 2016 dola ilikuwa imeshavuka shilingi 2,000, na kiwango kilikuwa bado 10,000. Shule ingeweza kupokea kila senti iliyoahidiwa na bado ikawa imepoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake wa kununua karatasi. Hakuna mkaguzi atakayeandika hoja ya ukaguzi kuhusu upotevu wa aina hiyo, kwa kuwa hesabu zote zinalingana. Unaonekana tu pale ambapo kiwango kinatajwa hadharani mwaka baada ya mwaka na wananchi wanakilinganisha na bei ya dukani. Kenya ina sura nyingine ya tatizo hilo. Huko kiwango cha shilingi 22,244 kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa kinajulikana na kila mwenye mtoto shuleni, na shule zimelalamika mara kwa mara kwamba zinapelekewa pungufu. Kwa kuwa kiwango kinajulikana, mjadala umefika Bungeni, na Hazina imelazimika kueleza mbele ya wabunge kwamba fedha hazitoshi. Hilo ni jibu chungu, lakini ni jibu linaloweza kujadiliwa wakati wa kupanga bajeti.

Wakati ni sharti ambalo watunga sera hulipuuza. Tanzania ina chombo cha kikatiba cha kufichua matumizi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na ripoti zake zina uzito mkubwa katika maisha ya umma. Lakini angalia kalenda yake. Mwaka wa fedha unakwisha Juni. Ripoti inakabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi inayofuata, na kwa kawaida inafika Bungeni Aprili. Fedha iliyoingia shuleni Julai, mwanzoni mwa mwaka wa fedha, inakuja kujadiliwa hadharani miezi 21 baadaye. Mtoto aliyekuwa darasa la sita Julai hiyo ameshamaliza la saba. Ukaguzi unafaa kuwajibisha na kurekebisha mfumo. Kuziokoa fedha kabla hazijapotea kunahitaji taarifa inayotoka mwezi ule ule, na hiyo inaweza kutolewa na ubao, redio ya wilaya au ujumbe wa simu kwa wajumbe wa kamati.

Hapa ndipo kisingizio cha uwezo mdogo kinapokosa nguvu. Tangu 2017 shule na vituo vya afya vya umma Tanzania vimekuwa vikiingizwa katika mfumo wa uhasibu na utoaji wa taarifa za fedha unaojulikana kama FFARS, uliobuniwa ili kila kituo kinachopokea fedha moja kwa moja kiandike mapato na matumizi yake kwa namna moja. Serikali haihitaji kutuma watafiti wenye madaftari kama walivyofanya wale wa Uganda. Namba za kila shule zinakusanywa tayari. Kinachokosekana ni uamuzi kwamba namba hizo ni za umma, na kwamba zitoke kwa kawaida bila mwananchi kuandika barua ya kuziomba.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya Tanzania, Na. 6 ya 2016, inampa raia haki ya kuomba taarifa na kumpa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka huo huo, ikitekeleza Ibara ya 35 ya Katiba. Haki ya kuomba ni muhimu, lakini imejengwa kwa ajili ya mtu anayejua tayari kwamba kuna jambo la kuuliza. Mzazi wa kijijini anayetakiwa kuandika maombi kwa ofisa wa taarifa ili kujua kama shilingi 400,000 za mwezi uliopita zimefika, hataandika. Sheria za aina hii hufaa zaidi zinapoilazimisha taasisi kutoa taarifa fulani bila kuombwa, na zinapoitaja taarifa hiyo kwa jina, kwa kiwango na kwa muda.

Canada inatoa mfano wa sheria iliyoandikwa hivyo, na ilifika hapo kwa njia ya aibu. Mwaka 2004 Mkaguzi Mkuu wa nchi hiyo, Sheila Fraser, alitoa ripoti kuhusu mpango wa udhamini wa serikali ya shirikisho ambamo takriban dola milioni 250 za Canada zilitumika, na zaidi ya milioni 100 kati ya hizo zililipwa kampuni za matangazo kama ada na kamisheni. Katika hali hiyo idara za serikali zikatakiwa kuchapisha mikataba yake, na kisha ruzuku na michango yake yote inayozidi dola 25,000. Tangu 2019 wajibu huo umo ndani ya Sheria ya Kupata Taarifa yenyewe: taarifa itoke ndani ya siku 30 baada ya robo mwaka kwisha. Sheria inagusa aina mbili za fedha. Ruzuku hutolewa kwa mpokeaji aliyetimiza sifa, bila kudaiwa baadaye hesabu ya kila senti. Mchango hufuatana na makubaliano, na mpokeaji huweza kukaguliwa.

Mfano huo una upungufu unaofaa kujifunza. Ruzuku ya aina hii haina kanuni ya kuzidisha. Inatolewa kwa hiari ya wizara, kwa chama hiki na si kile, kwa mji huu na si ule. Msomaji anaona jina la mpokeaji, kiasi na kusudi, lakini hana kiasi stahiki cha kulinganisha nacho. Anachoweza kufanya ni kutafuta mwelekeo: mikoa gani inapata, taasisi gani zinarudi kila mwaka, nani ana uhusiano na nani. Hiyo ni kazi ya mwandishi wa habari au mtafiti mwenye muda, na inahitaji taarifa zilizo katika majedwali yanayoweza kuchambuliwa na kompyuta, si karatasi zilizopigwa picha. Kuwapo kwa kiwango cha chini nako kunamshawishi asiyetaka kuonekana agawe ruzuku moja katika vipande vidogo. Zaidi ya yote, orodha inaeleza kilichoahidiwa. Kama kilichoahidiwa kilifanyika, ni swali ambalo orodha haiwezi kulijibu.

Swali hilo la mwisho linarudi shuleni pia, na lazima lielezwe bila kuficha. Mwaka 2013 na 2014 shirika la kiraia la Twaweza, pamoja na watafiti wa uchumi, liliendesha jaribio lililoitwa KiuFunza katika shule 350 za msingi kwenye wilaya 10 za Tanzania. Shule za kundi moja zilipewa shilingi 10,000 kamili kwa kila mwanafunzi, zikaingia moja kwa moja, kwa wakati. Fedha zilifika na zilitumika. Alama za wanafunzi katika kusoma na kuhesabu hazikupanda, na sehemu ya sababu ni kwamba wazazi walipunguza matumizi yao wenyewe kwa elimu walipoona shule imepata. Kundi lililopata ruzuku pamoja na motisha kwa walimu kulingana na wanavyojifunza wanafunzi lilionyesha maendeleo ya wazi. Anayedai kwamba ubao wa matangazo utaifanya shule ifundishe vizuri anaupa kazi isiyo yake. Ubao unalinda fedha. Kufundisha kunahitaji mambo mengine, na hayo hayapatikani kama fedha haijafika.

Ubao unahitaji pia mtu wa kuufanya uogopwe. Benjamin Olken alipima jambo hili katika miradi ya barabara za vijiji zaidi ya 600 nchini Indonesia. Vijiji vilivyoambiwa kwamba mkaguzi wa serikali atafika kwa hakika vilipunguza fedha zilizopotea kwa asilimia nane za gharama ya mradi. Vile ambavyo wanakijiji walialikwa kwa wingi zaidi kwenye mikutano ya hesabu vilionyesha tofauti ndogo kwa wastani. Mwananchi anaweza kuona upungufu, lakini akishauona anahitaji ofisi inayopokea malalamiko na kuchukua hatua, na anahitaji kuwa salama baada ya kulalamika. Mwalimu mkuu anayetegemea ofisa wa wilaya kwa uhamisho na kupandishwa cheo hawezi kutarajiwa kuwa mlalamikaji wa kwanza. Ndiyo maana kamati ya shule, ambayo haipandishwi cheo na mtu, inafaa kupokea taarifa moja kwa moja kutoka Hazina kwa njia yake yenyewe, bila kusubiri kuambiwa na mwalimu.

Kuna mpaka ambao uwazi haupaswi kuuvuka, nao unahusu wapokeaji walio watu binafsi. Tarehe 9 Novemba 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha kanuni iliyotaka majina ya watu wote waliopokea ruzuku ya kilimo, pamoja na kiasi walichopata, yachapishwe mtandaoni. Mahakama haikupinga uwazi. Ilisema watunga kanuni hawakupima kama lengo lao lingeweza kufikiwa kwa kuingilia faragha ya watu kidogo zaidi, kwa mfano kwa kutofautisha anayepokea kidogo na anayepokea mamilioni. Mwaka 2013 kanuni mpya zilirudisha majina, lakini wakulima wadogo walio chini ya kiwango kilichowekwa hawatajwi.

Kwetu Tanzania suala hili lina uso wa TASAF, mfuko wa serikali unaozisaidia kaya maskini. Orodha ya kaya maskini husomwa na kuthibitishwa katika mkutano wa kijiji, mbele ya majirani, na usomaji huo umesaidia kuwaondoa wasiostahili. Kijijini ambako watu wanajuana, umaskini wa kaya si siri. Lakini orodha hiyo hiyo ikiwekwa kwenye intaneti, itamfuata mtoto wa kaya hiyo hadi mjini, hadi kwenye maombi yake ya kazi, na haitafutika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 imeweka msingi wa kulizuia hilo. Mstari unaweza kuchorwa bila ugumu mkubwa: taasisi, kampuni, shule na halmashauri zinazopokea fedha za umma zitajwe kikamilifu na kila mahali, na mtu maskini anayepokea posho ya kujikimu athibitishwe kijijini kwake na kuhesabiwa tu katika takwimu za taifa. Yasiruhusiwe matumizi ya kinyume, pale faragha inapotajwa ili kuficha kampuni iliyolipwa mamilioni.

Kwa shule za Tanzania, hatua inayotakiwa ni ndogo na inaweza kuchukuliwa kwa waraka mmoja wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Kila fedha inapoingia kwenye akaunti ya shule, mwenyekiti wa kamati ya shule, mweka hazina wake na mtendaji wa kijiji wapate ujumbe wa simu wenye idadi ya wanafunzi, kiwango, kiasi kilichoingia na tarehe. Namba hizo hizo ziandikwe siku hiyo kwenye ubao ulio nje, upande wa njia wanayopita wazazi, kwa sababu ubao uliotundikwa ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu unasomwa na mwalimu mkuu. Chini yake iandikwe namba ya simu ya ofisi ya kupokea malalamiko, nje ya halmashauri. Shule zote nchini ziwekwe katika jedwali moja la wazi kila mwezi, ili shirika kama HakiElimu au Twaweza, mbunge au mwandishi wa habari wa Kigoma aweze kulinganisha wilaya na wilaya bila kuomba kibali.

Wajumbe wa kamati za shule hawana haja ya kuusubiri waraka huo. Idadi ya wanafunzi mnaijua, na kiwango kimeandikwa katika waraka wa elimu ambao mwalimu mkuu anao. Zidisheni, gawanyeni kwa miezi 12, na katika mkutano ujao ombeni kuiona taarifa ya benki.